Siku Tuliyomtia Mzee Dawa

Dada yangu anakata nyama. Si jikoni kwake tu kama wanawake wengine, anakata buchani, kwa mshahara, huu mwaka wa kumi na moja. Aproni nyeupe hadi magotini, buti za mpira, shoka mkononi na paja la ng'ombe limelazwa juu ya gogo mbele yake. Wanaume wanaoingia mara ya kwanza huzungusha macho wakauliza fundi yuko wapi. Yeye hajisumbui hata kuinua uso. "Fundi ni mimi," huwaambia. "Huyo anayening'inia ndiye mgonjwa." Mstari mzima hucheka, na yule mwanaume hununua zaidi ya alivyokusudia ili yaishe.

Sasa niambie, mwanamke wa namna hiyo anapigwaje nyumbani kwake? Mimi mwenyewe nimejiuliza mpaka kichwa kikaniuma. Mtu anayepasua mbavu za ng'ombe kutwa nzima, akifika kwake anakuwa mdogo kama kidonge cha piriton. Na nasema wazi kwa sababu mimi sijui kuzungukazunguka: alipigwa miaka tisa. Alipigwa kwa chumvi kuzidi, alipigwa kwa chumvi kupungua, alipigwa kwa kucheka na wateja. Siku moja alipigwa kwa kunyamaza.

Shemeji yangu ni dereva wa lori. Ana miaka arobaini tu, lakini mtaa mzima unamwita Mzee, kwa ajili ya tumbo lake na makelele yake. Hata dada akiwa na watu husema "mzee wangu kasafiri", "mzee wangu karudi". Ukikutana naye barabarani utampenda, haki ya Mungu. Anasalimia kila mtu, anatania watoto, anamsaidia fundi cherehani wa jirani kuingiza mashine yake ndani mvua ikinyesha. Akishafunga mlango wa kwake, ana mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuwaona.

Mara mbili dada alimkimbia, akaja kwenye chumba changu na mkoba mmoja na jicho limevimba. Mara zote mbili bwana alimfuata baada ya siku chache, kaoga, kanyoa, anaongea kwa sauti ya chini kama anabembeleza mtoto mchanga, na dada akafunga mkoba akamfuata. Mara ya pili niliung'ang'ania ule mkoba, tukavutana mpaka mshikio ukakatika. Nikamwambia, na sikumwambia kwa upole: "Mimi nafua mashuka ya hospitali, dada. Damu naijua. Safari ya tatu hutakuja kwangu kwa miguu. Watakuleta kazini kwangu, na shuka lako nitalifua mimi." Alinibusu shavuni, akaenda.

Hilo ndilo lililokuwa likinila roho. Sikuogopa tu kwamba atamuua. Niliogopa kwamba kabla ya kumuua atamwita tena, na dada ataitika.

Miaka mitatu iliyopita ilikuwa zamu ya pasi. Kola ya shati ilikunjika, basi, kosa lenyewe ndilo hilo. Aliichomoa pasi ikiwa ya moto, akampiga nayo upande wa kushoto, juu ya sikio. Nyuzi kumi na mbili. Kidonda kilipopona, nywele zilirudi hapo zikiwa nyeupe pee, fungu la upana wa vidole vitatu, wakati kichwa kizima kilichobaki ni cheusi tii. Dada hakuwa ametimiza hata miaka thelathini na tano. Buchani aliwaambia amerithi mvi za bibi yetu. Bibi yetu! Aliyezikwa akiwa hana mvi hata moja!

Lile fungu tulilipa jina. Tuliliita Mzee. Mimi ndiye niliyeanza, maana ni mvi, na ni kazi ya Mzee. Tulicheka siku ile mpaka machozi, halafu dada akaendelea kutoa machozi baada ya kicheko kuisha. Tangu hapo ikawa lugha yetu. "Mzee ameanza kuchungulia." "Mzee leo tumshughulikie." Alilijua jina hilo mtu mmoja tu zaidi yetu, msusi rafiki yangu, ambaye ndiye aliyetufundisha kazi yenyewe.

Kwa nini dada asiende saluni? Kwa sababu saluni ina midomo mingi, na mtu akikuchambua nywele anaona kovu, na akiona kovu atauliza. Kwa hiyo kila baada ya wiki tatu, Jumamosi, tulifanyia kwake uani. Piko ya unga, ile rangi nyeusi ya nywele, kwenye bakuli la plastiki, maji ya uvuguvugu, koroga mpaka iwe nzito kama uji. Mafuta ya mgando unapaka kuzunguka paji la uso na masikio ili ngozi isishike rangi. Unaipaka piko kwa mswaki wa zamani, unavuta kutoka kwenye shina, kisha unafunika kichwa kwa mfuko wa plastiki na kusubiri nusu saa. Mvi ni kaidi. Ukifanya haraka, rangi inashika juujuu, wiki mbili tu nyeupe imerudi.

Jumamosi ya kisa hiki shemeji alikuwa safarini, harudi mpaka Jumatatu. Dada alipika wali na nyama, akafunika mezani, tukasema tutakula tukishamaliza. Tukakaa uani, yeye kwenye kigoda, mimi nimesimama nyuma yake. Nilikoroga pakti nzima, maana ya mara ya mwisho ilitudanganya. Nikapaka, nikafunga mfuko. Dakika ishirini hivi zikapita, simu yangu ikalia. Alikuwa msusi, anataka kujua tumefikia wapi.

Sasa mimi nikishika simu nasikika mpaka barabarani. Ndivyo nilivyoumbwa.

"Mzee tumeshamtia dawa!" nikamwambia. "Pakti nzima leo! Ile ya mwezi uliopita ilikuwa kidogo, alilegea tu, wiki mbili hazijaisha huyo karudi."

Msusi akauliza ina muda gani.

"Bado dakika kumi. Nusu saa ikitimia, kwisha habari yake. Tunammwagia maji, tunamfunga kitambaa, basi." Akasema neno lililonichekesha, nikaangua kicheko. "Nani amtambue? Hata mama yake mzazi hatamtambua!"

Ndani ya nyumba sahani ilianguka ikavunjika.

Tukageuka wote wawili. Shemeji alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, midomo inang'aa mafuta, punje za wali kidevuni. Safari ilikuwa imekatishwa, lori limeharibika. Kaingia kwa mlango wa mbele kimya kimya, kakuta chakula mezani, kala. Mkononi alishika ile spana ndefu ya kufungulia matairi, aliyokuwa akiiweka nyuma ya mlango. Macho yalikuwa yamemtoka pima.

"Mmenitia nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, sijawahi kuisikia namna ile.

"Shemeji, hujambo, hatukujua kama..."

"Mmenitia nini kwenye chakula?"

"Ni dawa ya nywele!" nikapiga kelele. "Ya nywele, shemeji! Mwangalie kichwani!"

"Nimesikia kwa masikio yangu! Nusu saa! Mzee kwisha habari yake!" Akapiga mlango kwa spana, mbao ikapasuka. "Kuna Mzee mwingine nyumba hii? Nitajieni! Mzee gani?"

Ningemjibu nini? Kwamba Mzee ni kovu alilomchora mkewe kichwani kwa pasi? Ulimi ulinikwama, mimi huyu ambaye sikosi neno, na kimya changu ndicho kilichomthibitishia.

Akamrukia dada. Pigo la kwanza dada aliliona, akainamisha kichwa, spana ikapiga bomba la maji ukutani, bomba likakatika na maji yakaruka juu kama yamefungwa muda mrefu. La pili lilimpata begani. Alianguka ubavu. Shemeji akaitupa spana, akamkalia kifuani kwa uzito wake wote, akamkamata shingo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akachukua lile bakuli la piko.

"Kunywa!" akamwambia. "Kunywa na wewe! Twende wote!"

Alimsukumia bakuli mdomoni. Nilisikia plastiki inagonga meno. Piko ikamwingia dada puani, machoni, mdomoni, akawa anakoroma kama mtu anayezama, na yule mwanaume anaendelea kusukuma. Nyingine ikamrukia yeye mwenyewe, usoni, kwenye midomo, mikono yote miwili. Hakujali.

Nilichukua kigoda nikampiga nacho mgongoni. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, na niliipenda ile sauti. Akageuka. Akaokota spana akiwa amepiga magoti na kuizungusha bila kulenga, nami nikakinga kwa mkono. Mfupa wangu niliusikia ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Mkono ukaning'inia chini ya kiwiko, mahali pasipo na kiungo. Nikapiga yowe ambalo mpaka leo majirani hunitania nalo.

Dada aliniangalia. Jicho moja limefumbwa na piko, uso mweusi, mfuko wa plastiki umechanika. Miaka tisa alikuwa akipigwa peke yake, mlango umefungwa, hakuna anayeona. Ule mkono ulioning'inia ulikuwa wa mdogo wake.

Aliinuka. Hakupiga kelele. Alikichukua kigoda nilichokiangusha, akakishika mguu mmoja, akampiga mumewe, aliyekuwa ameshasimama, kwenye goti, kwa pembeni, pale fundi wa nyama anapojua kwamba hakuna kinachokinga. Goti likatoa mlio, na lile jitu likaanguka chini. Dada akamnyang'anya spana, akainyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili.

Sitadanganya. Sikumwambia aache. Nilikuwa nimekaa kwenye maji nimeshika mkono wangu, na moyoni nilikuwa nasema mpige, mpige.

Ila shemeji hakuwa akiangalia spana. Alikuwa akiangalia viganja vyake. Vilikuwa vyeusi. Akapangusa mdomo, mkono ukatoka mweusi zaidi. Akatema mate chini, mate meusi. Akatema tena.

"Imeshanishika," akasema. "Jamani, imeshanishika. Natema nyeusi."

Na yule mwanaume mwenye makelele, aliyempiga dada yangu miaka tisa, akaanza kulia. Akajiburuta kwa mikono na goti moja, akapita sebuleni, akatokea mlango wa mbele mpaka barabarani, analia kwa sauti ya juu: "Nimeuawa! Njooni! Mke wangu kaniua!"

Ilikuwa saa saba mchana, Jumamosi, watu wote wapo nyumbani. Walimiminika. Fundi cherehani wa jirani ndiye aliyefika wa kwanza, mama mtu mzima, tepu bado inamning'inia shingoni. Alipoambiwa ni sumu alipiga kelele maziwa yaletwe, yakaja jagi mbili, wakamkamata kichwa wakamnywesha. Akatapika. Wakamnywesha tena. Watu walikuwa wengi, arobaini hawapungui, wamefanya duara.

"Mwiteni!" shemeji akalia, maziwa yanamchuruzika kifuani. "Mwiteni mke wangu anisamehe! Siwezi kufa hivi!"

"Akusamehe nini tena, na yeye ndiye kakuua?" fundi cherehani akamwuliza.

"Nilimwonea! Ile pasi ni mimi! Mkono wake nilivunja mimi! Mimba... ile mimba haikutoka yenyewe, jamani, nilimpiga teke! Mniombee! Nilimpiga teke la tumbo!"

Fundi cherehani akaliweka jagi chini.

Mimi ya mimba sikuijua. Miaka tisa mama yake shemeji anamsimanga dada kwamba hazai, na mimi nikaamini labda ni kweli hajajaliwa. Nikakumbuka dada alilazwa siku mbili, mwaka juzi, akaniambia ni malaria, nisihangaike kuja wodini, nina kazi. Nilikuwa na kazi kweli. Mashuka yote ya wodi za wanawake yanapita kwenye mikono yangu. Niliona uchungu ambao mkono uliovunjika haukuufikia hata robo.

Dada alikuwa ametokea mlangoni. Piko inamtiririka kutoka kichwani mpaka kwenye gauni, jicho limevimba, shingo ina alama za vidole.

"Na jino," akasema. "Umesahau jino."

Akaingiza kidole mdomoni, akavuta shavu, akawaonyesha watu pengo. Kisha akaendelea, kwa sauti ya kawaida, kama anamtajia mteja vipande vilivyobaki. Mbavu mbili, mwaka wa tatu. Sikio la kulia, halisikii vizuri. Maji ya moto, pajani, hilo hawezi kuwaonyesha hapa. Fundi cherehani alianza kulia kimya kimya, na wanaume wawili waliokuwa wamemshika shemeji kichwa wakakiachia.

"Ni piko," nikasema mimi. "Haikuwa sumu. Ni piko ya nywele, alijimwagia mwenyewe."

Mtu mmoja alicheka, akaona hajaungwa mkono, akanyamaza. Shemeji akaacha kulia. Akanusa viganja vyake. Akanitazama mimi, akamtazama mkewe, kisha akaufunga mdomo. Alipojua hafi hakuwa tena na la kuungama. Lakini yalikuwa yameshatoka, na hayarudi kwa kumeza.

Vijana wa mtaa walimpeleka polisi, hawakumbeba kwa adabu. Sisi tukaenda hospitali, mimi nikafungwa plasta, dada akasafishwa macho. Daktari alisema piko ilikaa kichwani muda mrefu mno, imemuunguza, ngozi ilitoka malengelenge na nywele zikang'oka kwa mafungu. Akanyolewa kichwa kizima. Nilitaka kulia, yeye akajipapasa akasema kuna upepo.

Tukaenda kwangu. Jumatatu akaamka saa kumi na moja, akafunga kilemba, akaenda kazini. Jumatano tukasikia shemeji ametoka kwa dhamana, na usiku huo sikupata hata lepe la usingizi. Yeye alilala. Namwangalia anavyopumua, najiambia haya, sasa yule atakuja na sauti yake ya chini, na huyu atafunga mkoba. Huyu kesho atatangulia kwenda kufa na mimi nimekaa na plasta langu.

Kwa hiyo Alhamisi nilimfuata buchani. Mkono ulivyokuwa, kazini nisingeweza kufua hata leso. Nilikaa kwenye benchi karibu na mizani, dada akaniambia ninafukuza wateja kwa uso wangu, nikamwambia wafukuzike. Saa nne kulikuwa na watu saba kwenye mstari, wanawake watupu wa mtaa ule ule.

Akaja. Alikuwa na fimbo, anachechemea, shati limenyooshwa, sijui na nani. Hakupanga mstari. Alipita pembeni mpaka mbele, akasimama upande wa pili wa gogo. Niliinuka, sijui nilitaka kufanya nini na mkono mmoja.

"Mke wangu," akasema, kwa ile sauti. "Yamekwisha. Turudi nyumbani."

Shoka lilikuwa juu. Dada alilishusha, mfupa ukaachana. Akazisukuma zile nyama pembeni, akapangusa mikono kwenye aproni, akamtazama. Nilimtazama yeye uso mzima, natafuta ile dalili, ule ulaini unaomjia mdomoni kabla ya kukubali. Naijua. Nimeiona mara mbili.

"Kilo ngapi?" akamwuliza.

"Nini?"

"Nyama. Unataka kilo ngapi?"

"Mke wangu, nakuomba, mbele za watu..."

"Hapa tunauza nyama," dada akasema. "Kama hununui, watu wana haraka."

Mwanamke wa nyuma akasonya, msonyo mrefu. Shemeji aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaliangalia shoka.

"Nusu," akasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa taabu.

Dada akamkatia nusu kilo. Akapima, akaongeza kipande kidogo mizani ikae sawa, maana hapunji mtu, akafunga, akamsogezea. Akapokea malipo, akarudisha chenji. Shemeji alisimama na kifurushi chake mkononi kama anasubiri aambiwe kitu kingine. Dada alikuwa ameshageukia mstari.

"Anayefuata!" akaita.